Sura ya Tisa: Karatasi ya Mfuko wa Shati

Kwa wiki mbili nzima Georgette alikuwa na hakika kwamba Bienfait amepata mwingine.

Ushahidi wake ulikuwa karatasi moja tu. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Kila Bienfait alipodhani hakuna anayemwona, aliitoa, akaikunjua taratibu kana kwamba itaumia, akaitazama. Ah, macho yale! Georgette aliyafahamu vizuri, maana mpaka juzi yalikuwa yake peke yake. Ndiyo macho yaliyomfanya, miezi minane iliyopita, amwage beseni zima la unga barabarani na kusingizia upepo.

Alhamisi hiyo, zikiwa zimebaki siku mbili tu Bienfait alete dot, yaani mahari, kwao, uvumilivu ulimwisha. Alikung'uta unga mikononi, akamwita shangazi yake Godelieve ashike zamu ya kumimina muhogo kwenye mashine ya kusaga, akavuka barabara akiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Studio ya Bienfait ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, kikitazamana na mashine ya baba yake Georgette, Papa Albert. Dirishani alitundika blanketi ili mwanga usimsumbue. Ndani kulikuwa na kamera, magunia mawili ya kukalia wageni, na kompyuta aliyoinunua kwa wazungu fulani wa misaada walioondoka mji wa Baraka mbiombio bila hata kumaliza chai yao. Watu hawakuja pale kupigwa picha za harusi; harusi zilikuwa chache mwaka ule wa 2003. Walikuja kusalimia. Vita vilikuwa vimeugawa mji sehemu mbili: wengine walibaki, wengine walivuka ziwa wakaenda kuishi kambini Tanzania. Basi mtu alikaa mbele ya kamera, akawasalimia wake waliokuwa ng'ambo, akawaonyesha mtoto aliyezaliwa, akaimba kidogo, akalia kidogo. Bienfait aliziunganisha salamu hizo kwenye kompyuta, akatia muziki, kisha kaseti ikavuka ziwa na mtu wa kuaminika.

Umeme aliupata kwa Papa Albert. Injini iliyozungusha mashine ya muhogo ndiyo hiyo hiyo iliyotoa umeme, na waya mmoja ulivuka barabara juu ya vichwa vya watu ukaingia studio. Muhogo ukiwapo, injini inalia na Bienfait anafanya kazi. Muhogo ukiisha, wote wanalala. Na kwa kuwa mashine ile ilipiga kelele za kumtoa mtu meno, Bienfait alishinda amevaa vile vidude vya masikioni, haoni wala hasikii kinachotokea nje.

Ndiyo maana hakumsikia Georgette akiingia. Karatasi ilikuwa juu ya goti lake.

Georgette aliinyakua.

"Ni nani huyu?" alisema. "Sema leo. Ni nani?"

Bienfait alivua vidude vyake. Georgette aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango. Alijiandaa kuona uso mzuri, wa msichana wa Uvira pengine, mwenye nywele za kuchoma. Aliona kibao cha kijani kilichojaa vitu vidogo vidogo kama wadudu, na katikati kibawa kidogo cha kupepea.

Aliigeuza. Nyuma kulikuwa na tangazo la sabuni kwa Kifaransa.

"Ni carte graphique," Bienfait alisema kwa unyonge.

"Ni nini?"

"Kadi ya picha. Inaingiaka ndani ya kompyuta. Ndiyo inafanya picha zitembee." Akameza mate. "We ulifikiri ni nini?"

Georgette alikaa juu ya gunia. Alitaka kucheka kwa raha, akataka pia kumpiga kofi. Wiki mbili za kukosa usingizi kwa ajili ya kibao! Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akajipaka unga zaidi.

"Nilifikiri ni mwanamuke, mupumbafu wewe. Sasa niambie, juu ya nini unaiangaliaka vile?"

Hapo Bienfait akasahau hatari aliyokuwa ndani yake, kama wanaume wanavyosahau wakiulizwa juu ya wanachokipenda. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, akamwonyesha kwa kidole.

"Angalia. Hii yangu ni ya zamani, bazungu baliichosha. Mu dunia kuko za namna tatu. Kuko ya chini, hiyo ni bure, ukinunua umeangusha feza ndani ya ziwa. Kuko ya juu, hiyo ni ya bakubwa, hata tukiuza nyumba yote hatuipate. Na kuko hii ya katikati. Mupya, haijatolewa hata ndani ya karato yake. Inafanya karibu kazi yote ya ile kubwa, na bei yake muntu anaweza. Guy, ule fundi wa kompyuta, iko nayo Bujumbura. Alinitumia habari: anaichunga mpaka kesho, kisha anaiuza kwa mwingine."

"Muntu anaweza," Georgette alirudia polepole. "Muntu gani, Bienfait? Na feza gani?"

Ng'ambo ya barabara injini ilikuwa ikinguruma.

"Bienfait. Feza gani?"

"Ile ya dot," alisema, na macho yake yakaenda sakafuni. "Nitairudisha. Nina kazi nyingi zinangoja, nikipata carte nitazimaliza kwa mwezi moja. Boti inatoka asubuhi. Jumamosi nitakuwa nimerudi."

Furaha yote aliyokuwa nayo Georgette dakika moja iliyopita ilimtoka. Heri angekuwa mwanamke. Mwanamke unamfuata, unagombana naye, yanakwisha.

"Jumamosi utakuwa umerudi," alisema. "Nicolas, jirani yetu, alisema hivyo hivyo. Alienda Uvira kuleta chumvi, siku mbili tu. Muke yake mpaka leo anashukaka ku ziwa kuuliza kila boti inafika. Ukipita maji, kuko bunduki. Ukipita barabara ya Makobola, kuko bunduki. Na papa alisema mbele ya familia yote: Jumamosi ikipita bila dot, hataki kukuona tena ku mulango wake. We ulikuwa pale, ulisikia. Na sasa unataka kuchukua mahari yangu unipe kibao?"

"Si juu yangu!" Bienfait alisimama. "Unafikiri ni juu ya muchezo? Ni juu ya mama yako!"

Georgette aliikunja karatasi, akaifumba kiganjani.

Mama yake alivuka ziwa mwaka 1998, ile siku kila mtu alikimbia upande alioona uko wazi. Yeye alikimbilia kwenye boti, mumewe na binti yao wakakimbilia milimani, Fizi. Papa Albert na Georgette walirudi Baraka, mama hakurudi. Mwezi uliopita barua ilikuja kutoka kambini: mama ni mgonjwa wa kifua, madaktari hawamruhusu kupanda boti. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, awaone watu wake kabla binti yake hajaolewa, apate kumbariki akiwa anajua anabariki nini.

"Filme ya mama yako nimeianza mara kumi na moja," Bienfait alisema. "Kumi na moja, Georgette. Babibi bako banasalimia muzuri, shangazi anasalimia, kisha picha inasimama, kioo kinakuwa nyeusi, kompyuta inaanza upya. Sijafikaka hata mara moja kwa papa yako. Masoeur, ule sista wa misioni, anavuka Jumatatu, ndiye atabeba kaseti. Nitamwambia nini mama? Nitakuoa namna gani kama mama yako ananingoja na miye sina kitu ya kumutumia? Guy anasema carte ikizidiwa, kompyuta inajizima. Basi nilifikiri, dot inaweza kungoja. Mama yako pengine hawezi."

Georgette alimtazama kijana huyu mrefu aliyevaa shati lililofifia kola, na mapenzi yakamjaa kifuani mpaka yakamuuma. Hakuwa mjinga wala mroho. Alikuwa tayari kupoteza kila kitu, hata yeye Georgette, kwa ajili ya mama ambaye hajawahi kumwona. Ungemchukia vipi mtu wa namna hiyo? Lakini kumwacha apande boti asubuhi, hapana. Hilo hakuliweza.

"Nionyeshe," alisema mwishowe. "Nionyeshe vile inakufa."

"Utaona tu nyeusi."

"Nionyeshe nyeusi basi."

Bienfait akawasha kamera, akarudisha kaseti mwanzo ili kompyuta iipokee upya, akashika vidude vyake vya masikioni ili ampe kimoja. Georgette aliuvuta waya, akauchomoa.

"Weka sauti inje. Masikio yangu iko na unga, siweki kitu ndani."

Picha ikatokea. Bibi zake wawili, wamevaa vitenge vya kanisani, wakipunga mikono wakiwa wamekodoa macho kana kwamba kamera itawauma. Georgette alitabasamu. Wakaja binamu. Akaja shangazi Godelieve, ameshika kuku kwa sababu alitaka wifi yake aone kwamba kuku wake bado wapo. Ng'ambo ya barabara mashine iliendelea kusaga.

Kisha Georgette akasikia kitu.

Ilikuwa sauti ya injini. Ilishuka, ikawa nzito, ikakoroma kama mzee anayeinuka kitini na magoti yanamkatalia. Georgette aliijua sauti hiyo kuliko wimbo wowote. Miaka mitano alikuwa amesimama kando yake. Godelieve alikuwa amechoka kumimina kidogo kidogo, amebwaga beseni zima la muhogo mkavu kwa mkupuo.

Kioo kikawa cheusi.

"Unaona?" Bienfait alisema kwa uchungu. "Carte imechoka."

Georgette aliinua mkono kumnyamazisha. "Anza tena."

"Georgette, ni mara ya kumi na tatu sasa..."

"Anza tena, nakuomba."

Wakaanza tena. Bibi, binamu, kuku. Georgette hakutazama kioo. Alifumba macho akasikiliza ng'ambo ya barabara. Injini ikanguruma sawasawa, ikanguruma, ikanguruma. Halafu ikashuka, ikakoroma.

"Sasa," alisema bila kufumbua macho. "Imekuwa nyeusi?"

"Ulijua namna gani?"

Georgette alifumbua macho. Alianza kucheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko.

"Bienfait, we unasikilizaka moulin, mashine ya papa?"

"Nisikilize moulin ya kazi gani? Ndiyo maana navaa hivi vitu, nisiisikie!"

"Na ulishajaribu kompyuta yako siku moja moulin haisage?"

"Moulin isiposaga hakuna courant, hakuna umeme. Unajua sheria ya papa yako. Hakuna muhogo, hakuna mazut ya kuwasha injini." Alisita. Kitu kilianza kumwingia polepole. Alitazama waya uliopita juu ya mlango, akaufuata kwa macho mpaka ng'ambo. "Ngoja kwanza."

"Kila shangazi anabwaga beseni," Georgette alisema, "injini inakula nguvu yote. Sisi pale tunaona ampoule, taa yetu, mwanga wake unapunguka, hatusemi kitu, tumeshazoea. We hapa hauna ampoule, uliiondoa. Hausikii, umeziba masikio. Si carte, cheri wangu. Kibao chako hakina makosa. Ni njaa. Moulin inakula chakula yake!"

Wakatazamana. Halafu wote wawili wakatoka mbio.

Papa Albert alikuwa mlangoni mwa mashine, mtu mfupi mwenye mabega mapana na kofia isiyotoka kichwani. Wanawake saba walikuwa foleni na mabeseni yao. Georgette alimweleza huku akihema. Alihitaji jambo moja: muhogo usimame, injini iendelee kuzunguka bure, dakika arobaini.

"Bure?" mzee alisema. "Nichome mazut ya bure? Mutoto, uko muzima?"

"Papa, ni salamu ya mama."

"Hata kama!"

"Papa. Huyu anataka kupanda boti kesho na feza ya dot, aende Bujumbura kununua kitu cha kompyuta. Dakika makumi ine tu. Ikizimika tena, miye mwenyewe nitamusindikiza ku boti, na Jumamosi utafunga mulango."

Papa Albert alimtazama Bienfait kutoka juu mpaka chini, kwa namna iliyomfanya kijana avute shati lake chini. Kisha akamgeukia Godelieve.

"Simamisha muhogo."

Wanawake wa foleni walilalamika, wengine wakakaa chini, na mzee akashika mkono wa injini akauweka pale ulipotakiwa. Mngurumo ukawa mwepesi, sawa, bila kukoroma. Georgette alirudi studio na Bienfait, blanketi likaondolewa, mlango ukaachwa wazi ili wapate kumwona mzee. Kaseti ikaanza kwa mara ya kumi na nne.

Bibi wakapita. Binamu wakapita. Kuku akapita. Bienfait alikuwa ameshika mkono wa Georgette chini ya meza na alikuwa anaubana mpaka ukafa ganzi, naye hakuutoa. Dakika kumi na tano. Ishirini. Wakaingia mahali ambapo hawajawahi kufika: mjomba Jacques akisoma zaburi yote bila kuruka mstari. Georgette alitamani kumsukuma amalize.

Halafu kiti kitupu kikatokea, na Papa Albert akaja akakaa juu yake.

Bienfait aliinuka mara moja. Ndiyo ilikuwa desturi yake, na watu walimpendea hiyo: bwana anapomsalimia bibi yake, au bibi bwana wake, yeye huweka kamera na kutoka nje, wala halisikilizi neno. Basi akatoka kwa adabu, akasimama nje ya mlango, ambako alisikia kila kitu, kwa sababu Georgette alikuwa amechomoa ule waya na sauti ilivuka barabara bila kizuizi.

"Mama Georgette," sauti ya mzee ilisema. "Ni miye. Nimemufukuza mutoto wa kamera inje, niko peke yangu. Binti yako alipata bwana. Nilimwambia alete mbuzi sita, na nguo, na feza, na asipunguze hata kidogo. Nilifanya uso mubaya. We unajua uso yangu. Lakini nakuambia we peke yako: hata akikuja mikono mitupu nitamupa. Ni mutoto muzuri. Anasalimiaka batu."

Wanawake wa foleni nao walisikia kila neno. Georgette alitazama ng'ambo. Baba yake alikuwa amesimama kando ya injini, kofia imeshuka machoni, mkono wake juu ya chuma cha kuzimia injini. Angekivuta kidogo tu, sauti ile ingekatika pale pale, na mama asingepata kitu Jumatatu.

"Naogopa tu," sauti iliendelea. "Akienda, nyumba inabaki na miye na moulin. Batu banafikiri napenda feza, moulin inalia kutoka asubuhi mpaka giza. Si feza. Ikizimika, kunakuwa kimya, na ile kimya ni yako. Siwezi kuisikia. Basi naiacha ilie. Mama Georgette, pona. Nimekuchungia kiti chako."

Picha ya kiti kitupu ilikaa kidogo, ikaisha yenyewe, kama picha inavyotakiwa kuisha.

Mkono wa mzee ulikuwa haujavuta chuma.

Kisha mmoja wa wale wanawake akapiga kigelegele, na wenzake sita wakapokea, wakigonga mabeseni yao. Godelieve alikuwa analia waziwazi, anajipangusa kwa gunia. Bienfait hakujua aende wapi, basi akasimama katikati ya barabara, na Georgette akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, mbele ya baba yake, jambo ambalo siku nyingine asingelithubutu.

"Imeshika yote?" mzee aliuliza kwa ukali, akitazama pengine.

"Yote, papa," Bienfait alisema. "Haikuzimika."

"Basi hakuna kwenda Bujumbura."

"Hakuna, papa. Guy aiuze."

"Na mbuzi ni sita. Yale umesikia, haukusikia."

"Ni sita, papa. Miye nilikuwa inje."

Papa Albert alitikisa kichwa kukubali. Halafu akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati la Bienfait. "Na ile karatasi? Wiki mbili nakuona kutoka hapa unaitoa, unaiangalia, unacheka peke yako. Ndiyo ilinifanya niseme Jumamosi ikipita ni mwisho. Picha ya nani?"

Georgette ndiye aliyekuwa nayo, imekunjwa kiganjani. Akampa. Mzee aliikunjua, akaigeuza juu chini, akakitazama kile kibao cha kijani na kibawa chake kwa muda mrefu.

"Sasa huyu," alisema, "ndiye alitaka kukula dot ya mutoto wangu?"

"Ndiye, papa," Georgette akajibu. "Alikuwa wa katikati tu. Nimemushinda."

Mzee alicheka, kicheko ambacho Georgette hakuwa amekisikia tangu mama yake alipopanda boti. Akarudisha karatasi mikononi mwa binti yake, akainama, akavuta kile chuma. Injini ikazimika. Wanawake wakaanza kuuliza habari ya muhogo wao, na yeye akawaambia warudi baadaye kidogo. Akatafuta kiti, akakaa mlangoni mwa mashine, akasikiliza kile kimya mpaka mwisho.